Kusomea utabibu: mwongozo kamili, kuanzia cheti cha form four hadi chumba cha kuonea wagonjwa

Yule anayekaa nyuma ya meza kwenye zahanati ya kijiji hapa Tanzania, akakuuliza unasumbuliwa na nini, akakuandikia kipimo na dawa, mara nyingi si daktari. Ni tabibu. Wagonjwa humwita dokta, naye huitika, maana foleni ni ndefu na hakuna muda wa kumsahihisha kila mtu. Mimi mwenyewe naitikia hivyo kila siku. Lakini wewe unayetaka kuisomea kazi hii uyajue majina yalivyo, kwa sababu vijana wengi hujaza fomu ya kozi wasiyoijua, wakashtukia wako darasani na kitu walichokuwa hawakitaki.

Serikali ilipotawanya zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967, waliozishika ni waganga wasaidizi wa vijijini, wale ambao wazee mpaka leo wanawaita RMA. Warithi wao ni wawili: Tabibu Msaidizi na Tabibu. Kozi ni moja, inaitwa Utabibu, na inakwenda kwa ngazi tatu za NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Ngazi ya 4 ni mwaka wa kwanza, ngazi ya 5 ni wa pili, ngazi ya 6 ni wa tatu na ndiyo stashahada. Mwenye kuishia ngazi ya 5 huajiriwa kama Tabibu Msaidizi. Mwenye stashahada ni Tabibu. Usichanganye na muuguzi, ambaye ana kozi yake, baraza lake na leseni yake, wala na mhudumu wa afya, ambaye kazi yake si kutibu.

Kwanza, kiangalie cheti chako bila kujionea huruma

Sifa ya kuingia ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini kwenye mtihani wa kidato cha nne, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Bailojia na Fizikia. Kufaulu maana yake ni D na kuendelea, yaani alama 30 kupanda juu. Hesabu na Kiingereza hutajwa kama sifa ya ziada tu.

Hapo ndipo penye mtego. Miaka mitatu inapita, unamaliza stashahada, unafanya kazi kidogo, halafu moyo unakutuma kwenda kusoma udaktari chuo kikuu. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, unakubali mwenye stashahada ya utabibu mwenye wastani wa B au GPA ya 3.0, lakini unarudi nyuma mpaka kwenye cheti chako cha form four na kudai D katika Hesabu, Kemia, Bailojia, Fizikia na Kiingereza. Nimewaona matabibu hodari kweli, watu wa kuaminiwa na wilaya nzima, wanakwama kwa F ya Hesabu waliyoipata wakiwa na miaka 17. Kama una F hiyo, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie somo hilo sasa hivi, wakati bado unakumbuka kutafuta x. Ukiwa na familia na zamu za usiku hutafungua tena daftari la Hesabu.

Angalia na majina. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye cheti cha NECTA na kwenye kitambulisho cha NIDA liwe lile lile, herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Hadija huku na Khadija kule atasumbuka chuoni, atasumbuka kwenye leseni, na atasumbuka zaidi siku ya ajira. Rekebisha mapema kwa kiapo cha kisheria, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

Pili, chagua chuo kwa wodi zake

Vyuo ni vingi. Vipo vya serikali, kwa mfano vya Kibaha, Mafinga, Lindi, Musoma na Songea. Vipo vya mashirika ya dini, ambavyo vingi vimeshikamana na hospitali ya misheni. Na vipo vya watu binafsi, ambavyo vimeota kila mji. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha chuo kimesajiliwa. NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, na kila chuo cha afya kilichomo kina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Chuo kisichokuwa na namba hiyo, au chenye usajili lakini kozi ya Utabibu haimo kwenye orodha yake, kiache hata kama ada yake ni ya kutupa.

Baada ya hapo uliza maswali ambayo kipeperushi cha chuo hakiyajibu. Wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani? Ina vitanda vingapi? Wanafunzi wangapi wanaingia wodi moja kwa zamu moja? Wodi ya wazazi inapokea wajawazito wangapi kwa usiku? Nenda mwenyewe ukasimame getini saa saba mchana, wanafunzi wakitoka kula, umuulize mmoja wa mwaka wa tatu: umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako? Akianza kujiumauma, umepata jibu.

Nasema hivi kwa uchungu. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na jengo zuri la ghorofa na maktaba yenye kiyoyozi, lakini mwaka wa kwanza tulikuwa thelathini na kitu tukizunguka kitanda kimoja. Wa nyuma hatukuona mgonjwa, tuliona visogo vya wenzetu. Nilijifunza kusikiliza mapafu mwaka wa pili, hospitali nyingine kabisa, likizo, kwa kuomba.

Tatu, kuomba

Maombi ya vyuo vya afya hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET mtandaoni, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka kwa ajili ya kuanza masomo ya vuli. Utahitaji namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu unayoimiliki mwenyewe (si ya mjomba ambaye hapokei) na barua pepe. Matokeo mfumo unayavuta wenyewe kutoka NECTA. Utapanga vyuo kwa mpangilio unaoutaka. Usipange vyote vyenye ushindani mkubwa, weka na kimoja ambacho alama zako zinakitosha bila wasiwasi. Ukichaguliwa, thibitisha ndani ya muda. Na mtu akikwambia ana "mtu ndani" wa kukuingiza kwa kitu kidogo, mwage chai yake ukaondoke.

Nne, hela

Ada ya chuo binafsi kwa kawaida huvuka milioni moja kwa mwaka, na ada si gharama yote. Kuna mtihani wa Wizara ya Afya, bima ya afya, sare, koti jeupe, nauli za mafunzo ya vitendo, na chumba mtaani mnapopelekwa mazoezini mbali na chuo. Hizi za mwisho ndizo zinazowaliza watu, kwa sababu hazimo kwenye barua ya kujiunga. Ziulize kwa wanafunzi wa juu, uziandike, kisha ndiyo mkae na wazazi.

Kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo ilianza kuwapa mikopo wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, na sekta ya afya ilitajwa miongoni mwa vipaumbele. Watu wakasikia "afya" wakashangilia. Lakini mwongozo wa Bodi hutaja kozi moja moja kwa jina, na si kila kozi ya afya imo. Usome mwongozo wa mwaka wako ukiwa na kidole kwenye mstari, utafute jina la kozi yako, kabla hujapiga hesabu ya bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo.

Tano, kabla ya kuripoti

Chanja homa ya ini aina ya B. Dozi ni tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukisubiri mpaka uanze kushika sindano umechelewa. Nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ile ya bei rahisi, maana utaihitaji kuliko simu. Stetoskopu ya kwanza isiwe ya gharama, itaibiwa. Mashine ya presha ya kushirikiana wanne inatosha.

Sita, mwaka wa kwanza

Ni mwaka wa kumeza. Anatomia na fiziolojia, vimelea na wadudu waenezao magonjwa, mikrobiolojia, famakolojia, maabara, maadili, huduma ya kwanza, kuzuia maambukizi. Vyote kwa Kiingereza. Ambaye Kiingereza kinamsumbua asione haya, asome kwa sauti na mwenzake, kila mfupa autaje huku akiushika mwilini mwake. Mwenzangu mmoja alikuwa akipanda daladala anajigusa mkono na kunong'ona majina ya mifupa. Kondakta alimwonea huruma akamsamehe nauli.

Kitu kimoja cha mwaka huu kisikupite: hesabu za dozi. Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. Sindano ya artesunate kwa aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 36. Mwingine wa kilo 25 anahesabiwa kwa 2.4, anapata 60. Hurudiwa saa ya 12 na saa ya 24. Sasa jiulize: kilo hizo 12 umezitoa wapi? Mama amekwambia, umekadiria kwa macho, au umempima? Asiyempima mtoto kwenye mzani asishike bomba la sindano. Na dozi uliyoikariri uihakiki kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu kila mara mpaka uzeeke; hakuna mgonjwa atakayekudharau kwa kufungua kitabu.

Saba, wodini, na hapa tukae

Mwaka wa pili na wa tatu unapita wodi ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili, macho, meno, na kazi za afya ya jamii. Ndipo kozi yenyewe ilipo.

Mwalimu wangu mkubwa wa wodi ya watoto hakuwa mwalimu kwa cheo, alikuwa sista wa makamo aliyekuwa akingoja kustaafu. Siku moja nilipewa mtoto wa miezi 14, ana kikohozi na homa siku ya tatu. Nikaenda mbio na stetoskopu. Mtoto akaona lile dude, akaangua kilio. Sista akanishika mkono.

"Weka chini hiyo, mwanangu. Mtazame kwanza."

"Namtazama, sista."

"Unamtazama ukiwa umemsimamia kama askari. Kaa."

Nikakaa kwenye benchi kando ya mama. Tukangoja mtoto anyonye, anyamaze, asinzie. Mama akafunua khanga tumbo la mtoto likaonekana. Nikahesabu pumzi kwa sekunde 15, nikazidisha kwa nne, nikapata 36. Nikamwambia sista ni kawaida. Hakujibu, alinionyesha saa yake: dakika nzima. Nikahesabu tena, tumbo likipanda, likishuka. Arobaini na nane.

Kwa mtoto wa kati ya miezi 12 na miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Aliye chini ya miezi miwili ni 60. Yule mtoto alikuwa na kichomi, yaani nimonia, na mimi nilikuwa nimeshamwandikia moyoni dawa ya mafua. Makosa yangu yalikuwa matatu kwa mpigo: nilimliza kabla ya kumhesabu, nikahesabu robo dakika, na nikaamini chombo kuliko macho. Baada ya pumzi sista akanionyesha cha pili: je, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa? Kisha maswali manne kwa mama. Anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hazinduki? Jibu la hatari katika hata moja tu, mtoto hatoki na vidonge. Anapewa dozi ya kwanza na rufaa.

Fanya hivyo na watoto hamsini. Usihesabu waliofanywa na mwenzako ukaandika kwenye kitabu chako cha vitendo. Najua wanaofanya hivyo, na najua sahihi zinavyopatikana. Lakini siku uko peke yako saa nane usiku na umeme umekatika, kile kitabu hakitakusaidia.

Jambo la pili la wodini ni lugha. Vitabu ni Kiingereza, mgonjwa ni Kiswahili, na Kiswahili cha mgonjwa si cha kamusi. Akisema "nasikia homa" huenda mwili hauna joto kabisa. Anamaanisha hajisikii vizuri. "Presha" inaweza kuwa shinikizo la damu lililopimwa, au mapigo ya moyo kwenda mbio baada ya ugomvi wa nyumbani. "Vidonda vya tumbo" ni maumivu yoyote ya chembe ya moyo, na "chango" kila mtu ana yake. Siku hizi kila mtu ameshaambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, hata aliyekuja na goti. Tengeneza daftari la safu tatu: alivyosema mgonjwa, alivyoeleza ulipomuuliza zaidi, na jina la kitabuni. Langu lilijaa kurasa sitini, na ndilo lililonivusha kwenye mitihani kuliko noti za darasani.

Na degedege. Familia nyingi bado hulihusisha na mambo ya mashetani, na mtoto hupelekwa kwanza kwingine. Ukimgombeza mama mbele ya watu, mtoto wa jirani yake hataletwa. Shusha sauti, mhudumie mtoto, tafuta malaria, sukari kushuka na homa ya uti wa mgongo, maneno mengine baadaye.

Salamu pia ni kipimo. Mzee akiingia, inuka kidogo, "Shikamoo mzee," mwache aseme marahaba na akae. Katika sekunde hizo kumi umeshaona anavyotembea, anavyopumua, kama anakusikia, kama uso umepinda upande mmoja. Mwanafunzi anayeandika huku akiuliza "jina?" bila kuinua kichwa amevitupa vyote hivyo.

Sindano ikikuchoma: usikamue kidole. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa zamu hiyo hiyo, uanzishiwe dawa za kinga haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kufokewa. Heri kufokewa. Na sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inakwenda moja kwa moja kwenye boksi lake.

Nane, mitihani

Alama za ndani zinajengwa muhula mzima, kisha kuna mtihani wa Wizara wa kuandika na wa vitendo. Ule wa vitendo ni vituo: kengele inalia, unaingia, unakuta mgonjwa au kifaa, una dakika chache, kengele tena. Wanaoanguka hapo wengi wanajua jibu, ila hawakunawa mikono, hawakujitambulisha, hawakuomba ridhaa, na alama hizo za bure zimeondoka. Fanyeni mazoezi bwenini kwa saa na kijiko cha kugongea sahani. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ifanye ukiwa umesoma kweli. Sapu zikirundikana ndizo zinazomfanya mtu adisko, aondolewe chuoni, mwaka wa tatu baada ya wazazi kuuza ng'ombe.

Tisa, leseni kwanza, kazi baadaye

Cheti cha chuo hakikuruhusu kutibu. Tanzania Bara unajisajili kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa sheria ya 2017 linasimamia pia kada shirikishi za afya, sisi matabibu tukiwemo. Zanzibar wana baraza lao. Leseni huhuishwa, na utadaiwa ushahidi wa mafunzo endelevu, kwa hiyo tunza vyeti vya semina tangu siku ya kwanza. Kipindi cha kusubiri majina, utaitwa na wenye maduka ya dawa na zahanati za uchochoroni: "Njoo dokta, leseni itakuja baadaye." Likitokea la kutokea, mwenye duka atasema hakujui.

Ajira za serikali hutangazwa mtandaoni. Nakala zako zote ziwe zimeshathibitishwa na ziko kwenye simu, kwa sababu tangazo huja na siku chache. Wengi hujitolea kwanza hospitali ya wilaya. Si vibaya, ila pata barua inayoonyesha tarehe.

Ukipangiwa zahanati, kuna uwezekano mkubwa ndani ya muda mfupi ukawa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na hapo utagundua ni mambo mangapi hukufundishwa. Kuagiza dawa Bohari ya Dawa kabla hazijaisha. Kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, visipishane na leja. Kukaa na kamati ya kituo, wazee wa kijiji wanaojua kila shilingi iliyoingia. Kwa hiyo mwaka wa tatu, ukiwa mazoezini kwenye zahanati, muombe mfawidhi siku mbili ukae naye ofisini badala ya chumba cha wagonjwa.

Siku ya kuripoti, kabla hujapokea mgonjwa yeyote, fungua friji ya chanjo. Kipimajoto chake kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Hesabu oksitosini zilizomo, ile dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, angalia tarehe zake, angalia mtungi wa gesi au betri ya sola, halafu muulize muuguzi uliyemkuta: mama akianza kuvuja damu usiku wa leo, gari linatoka wapi na namba ya dereva ni ipi? Iandike ukutani kwa maka pen, kubwa.